Vitu Tofauti Vyenye Jina Moja katika Data ya Mpangilio wa Maarifa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wakutubi, wahifadhi wa nyaraka, watunzaji wa misamiati dhibitiwa na watengenezaji wa programu ambao kazi yao huwakutanisha na tesauri (orodha za istilahi na mahusiano yake), mifumo ya uainishaji, orodha za majina na ontolojia (maelezo rasmi ya aina za vitu na mahusiano yake). Majina ya kiufundi kama vile skos:prefLabel (lebo kuu katika SKOS, muundo wa kuandika misamiati dhibitiwa kama data) yameachwa yalivyo, kwa kuwa ndivyo yanavyoandikwa ndani ya faili zenyewe.

Tatizo lenyewe ni lipi?

Katika lugha yoyote mambo ya kutajwa ni mengi kuliko maneno, na kwa sababu hiyo neno moja hubebeshwa maana mbili au zaidi. "Taa" ni samaki, na tena ni chombo cha kutoa mwanga. "Paa" ni mnyama, na tena ni sehemu ya juu ya jengo. "Zebaki" ni metali na, katika vitabu vingi, ni sayari iliyo karibu zaidi na jua. Msomaji wa kawaida hababaiki, kwa kuwa sentensi nzima humwonyesha kinachokusudiwa. Faili ya data haina sentensi ya kumsaidia mtu: ina lebo na mahusiano, na programu inayoisoma hulinganisha lebo herufi kwa herufi. Rekodi mbili zenye lebo ileile zikikutana, programu isiyoelekezwa vizuri itaziunganisha ziwe moja, au itamwonyesha mtafutaji mistari miwili inayofanana kabisa bila kumpa namna ya kuchagua.

Tatizo haliishii kwenye maneno ya kawaida. Watu hushiriki majina, miji na nchi hushiriki majina, jenasi za viumbe hushiriki majina, na hata sehemu za miundo ya data, yaani zile sifa tunazozitumia kueleza vitu vingine, nazo hushiriki majina. Kila kundi lina desturi zake za kujitenga, nasi tutayapitia moja baada ya jingine.

Je, neno lenye maana zinazohusiana lishughulikiwe sawa na maneno mawili yaliyofanana kwa bahati tu?

Wanaisimu hutofautisha polisemia, ambapo maana za neno zina asili moja, na homonimu, ambapo maneno mawili yamegongana kwa umbo tu. Kwa mtunza msamiati tofauti hiyo ina uzito mdogo. Anachopaswa kujiuliza ni kama nyaraka zinazohusu maana ya kwanza zinahitaji kutafutwa mbali na zile zinazohusu maana ya pili. Ikiwa jibu ni ndiyo, hizo ni dhana mbili na kila moja ipewe rekodi yake, hata kama historia ya neno ni moja.

Kwa nini jina lenyewe lisiwe kitambulisho?

Kwa sababu jina hubadilika na kitambulisho hakipaswi kubadilika. Tahajia hurekebishwa, nchi hubadilisha majina, istilahi mpya hushika nafasi ya ile iliyochakaa. Ikiwa anwani ya dhana (kitambulisho chake cha Wavuti, yaani URI) imejengwa juu ya lebo yake, kila badiliko la lebo huvunja viungo vyote vilivyokwisha kuwekwa na watu wengine, na dhana ya pili yenye jina lilelile inapozaliwa hukuta nafasi imekwisha kushikwa. Ndiyo maana mifumo mikubwa hutumia vitambulisho visivyosema chochote. Katika Wikidata, iliyoanzishwa mwezi wa Oktoba 2012, sayari ya Zebaki ni Q308 na metali ya zebaki ni Q925. Tarakimu hizo hazielezi lolote kuhusu anga wala kemia, na hapo ndipo uimara wake ulipo.

Mifumo ya uainishaji ilikwisha kuutambua ukweli huu zamani, ingawa kwa njia nyingine. Uainishaji wa Dewey, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1876, huiweka sayari hiyo kwenye 523.41 na metali hiyo kwenye 546.663. Namba hizi zinatenganisha vitu viwili vizuri sana, lakini zina udhaifu mmoja: zinabeba maana ndani yake. Somo likihamishwa kwenye tawi jingine la uainishaji, namba yake hubadilika. Kwa hiyo namba ya uainishaji ihifadhiwe kama namba ya uainishaji, kwa kutumia skos:notation, na isigeuzwe kuwa kitambulisho pekee cha dhana.

Je, msimbo rasmi unaotolewa na shirika la viwango unatosha?

Mara nyingi unatosha, ila sharti ujue kama shirika hilo huwa linatumia tena misimbo iliyoachwa. Mfano unaostahili kukumbukwa ni msimbo CS wa kiwango cha ISO 3166. Ulikuwa wa Chekoslovakia hadi nchi hiyo ilipogawanyika mwaka 1993, kisha mwaka 2003 ukapewa Serbia na Montenegro, na mwaka 2006 ukaondolewa tena. Rekodi yenye herufi hizo mbili pekee, bila tarehe, haiwezi kufasiriwa kwa uhakika. Sehemu ya tatu ya kiwango hicho inasaidia kwa kuzipa nchi zilizotoweka misimbo ya herufi nne: CSHH kwa Chekoslovakia na CSXX kwa Serbia na Montenegro. Somo kwa mtunza msamiati ni la wazi: kitambulisho kilichokwisha kutolewa kisipewe kitu kingine kamwe, hata kama kitu cha kwanza kimefutwa.

SKOS inaruhusu dhana mbili ziwe na lebo kuu moja?

Inaruhusu, na jibu hili huwashangaza wengi. SKOS, iliyopitishwa na W3C (shirika la viwango vya Wavuti) kuwa pendekezo rasmi mwezi wa Agosti 2009, ina masharti machache tu kuhusu lebo. Sharti moja ni kwamba dhana isiwe na zaidi ya lebo kuu moja kwa kila lugha. Jingine ni kwamba maneno yaleyale yasitumike kuwa lebo kuu na papo hapo lebo mbadala au lebo fiche (inayosaidia utafutaji bila kuonyeshwa) ya dhana hiyohiyo. Masharti yote mawili yanahusu dhana moja kwa wakati mmoja. Hakuna sharti linalokataza dhana mbili, hata zikiwa ndani ya skimu moja (yaani msamiati mmoja), kuwa na skos:prefLabel zinazofanana. Mwongozo wa utangulizi wa SKOS unashauri tu kwamba hali hiyo iepukwe, na ushauri si sharti: faili yenye mgongano wa namna hiyo itapita ukaguzi wa masharti ya SKOS bila kosa lolote.

Sababu yake ni ya msingi. Katika RDF, muundo wa data ambao SKOS imejengwa juu yake, utambulisho wa dhana hutokana na anwani yake, na lebo ni maelezo yaliyobandikwa tu. Kwa mashine, dhana mbili zenye anwani mbili ni dhana mbili, hata zikishiriki kila herufi ya majina yao. Wapo wanaotoa hoja kwamba, kwa kuwa mashine imekwisha kuridhika, basi hakuna haja ya kuhangaika na lebo. Mimi siikubali hoja hiyo. Msamiati hutumiwa na watu: mtu anayechagua neno kwenye orodha, mtu anayeorodhesha kitabu, mtu anayetafsiri. Hao hawaoni anwani, wanaona lebo. Kwa sababu hiyo misamiati mizuri huhitaji yote mawili kwa pamoja, yaani kitambulisho kisicho na maana kwa ajili ya mashine na lebo isiyo na utata kwa ajili ya watu.

Kibainishi ni nini, na kiandikwe vipi?

Kibainishi ni neno au kifungu kifupi kinachoambatanishwa na lebo ili kuitenga na lebo nyingine ya umbo lilelile. Viwango vya tesauri, kuanzia vile vya zamani hadi ISO 25964 ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2011, vinapendekeza kiandikwe ndani ya mabano baada ya neno lenyewe. Katika faili ya SKOS mambo yanaweza kuonekana hivi:

    ex:d0417 a skos:Concept ;
        skos:prefLabel "taa (samaki)"@sw ;
        skos:altLabel "taa"@sw .

    ex:d0932 a skos:Concept ;
        skos:prefLabel "taa (vyombo vya mwanga)"@sw ;
        skos:altLabel "taa"@sw .

Angalia kwamba neno tupu limebaki kuwa lebo mbadala ya dhana zote mbili. Jambo hili halivunji sharti lolote, na linamsaidia mtafutaji anayeandika "taa" bila mabano: ataletewa dhana zote mbili, kila moja ikiwa na jina linaloitambulisha, naye atachagua.

Kibainishi kizuri hutaja kundi pana ambalo kitu kimo, kama vile samaki, metali, sayari au majengo, wala hakijaribu kuwa fasili. Fasili ina mahali pake katika skos:definition, na maelekezo ya matumizi yana mahali pake katika skos:scopeNote. Inafaa pia vibainishi vichaguliwe kutoka orodha moja iliyokubaliwa, ili kusiwe na "samaki" kwenye rekodi moja, "viumbe wa majini" kwenye nyingine na "wanyama wa baharini" kwenye ya tatu.

Huulizwa mara nyingi kama kibainishi kiwekwe kwenye dhana zote mbili au kwenye ile isiyo maarufu tu. Ushauri wangu ni kuziwekea zote. Umaarufu hubadilika kutoka hadhira moja hadi nyingine, na lebo isiyo na kibainishi humfanya mwainishaji mwenye haraka aichukue kama ndiyo yenye maana zote.

Je, kuna njia ya kuepuka mabano kabisa?

Ipo, na inafaa ijaribiwe kwanza. Pengine kuna neno jingine lililokwisha kukubalika, au kifungu cha kawaida ambacho watu hukitumia bila kulazimishwa. Ikiwa sayari imezoeleka kwa wasomaji wako kwa jina la Utaridi, basi "zebaki" inaweza kuachiwa metali pekee. Wakati mwingine hata idadi ya nomino hutoa ufumbuzi. Tesauri nyingi huandika vitu vinavyohesabika katika wingi, na katika Kiswahili wingi huweza kuyatenga maneno ambayo umoja umeyafananisha: "ua" la mmea huwa "maua" na "ua" wa nyumba huwa "nyua", na "paa" la jengo huwa "mapaa" ilhali mnyama hubaki "paa". Hata hivyo umbo la umoja lazima libaki kama lebo mbadala, maana watafutaji wengi huandika umoja.

Kibainishi kiwe sehemu ya lebo, au kitenganishwe na kuwekwa katika sifa yake?

SKOS ya msingi haina sifa maalumu ya kibainishi, na hivyo wengi hukiacha ndani ya lebo. Njia hiyo ni rahisi, lakini inawapa kazi wale wanaotaka kuonyesha jina bila mabano, na inaleta shida katika uchanganuzi wa matini, kwani hakuna anayeandika "taa (samaki)" katikati ya sentensi.

Upanuzi uitwao SKOS-XL unatoa njia nyingine. Humo lebo yenyewe hugeuzwa kuwa kitu chenye anwani yake, na maandishi yake huwekwa katika skosxl:literalForm. Lebo mbili zenye maandishi yaleyale zinaweza kubaki vitu viwili, kila moja ikiwa na chanzo chake, tarehe yake na kibainishi chake. Gharama yake ni faili kubwa zaidi na maswali magumu zaidi ya kutafuta, kwa hiyo ninaipendekeza pale tu ambapo historia ya kila jina ina umuhimu wa kweli.

Wikidata imechagua njia ya tatu: lebo huandikwa bila kibainishi, na pembeni yake huwekwa maelezo mafupi. Mfumo unakubali vitu viwili vyenye lebo moja katika lugha moja, ila unakataa viwili vyenye lebo moja na maelezo yaleyale. Ni utaratibu mzuri, mradi maelezo hayo yajazwe kweli. Lugha ambayo vitu vyake vingi havina maelezo hupata hasara kubwa katika orodha za kuchagulia.

Je, kuna muundo wowote uliowahi kuamua kwamba jina moja ni kitu kimoja?

Upo, na historia yake inafundisha. Ramani za mada, muundo wa kueleza mada na mahusiano yake uliowekwa katika kiwango cha ISO/IEC 13250, zilikuwa na kanuni ya majina katika muundo wake wa XTM 1.0 wa mwaka 2001. Kanuni hiyo ilisema kwamba mada mbili zenye jina la msingi lilelile katika upeo uleule (yaani muktadha ambamo jina hutumika) ni mada moja na ziunganishwe. Nia ilikuwa njema, kwani ilimlazimu mwandishi atangaze upeo kila panapokuwa na mgongano. Lakini majina ya watu na ya mahali hayatii nidhamu ya namna hiyo, na aliyesahau kutaja upeo alikuta programu imeunganisha vitu visivyohusiana. Modeli mpya ya data, iliyotoka mwaka 2006 kama sehemu ya pili ya kiwango hicho, iliondoa kanuni hiyo: tangu hapo mada huunganishwa kwa vitambulisho vyao na si kwa majina yao.

Mfumo unaokusanya misamiati mingi kwa pamoja hufanyaje?

Mfano bora ninaoufahamu ni UMLS, mkusanyo wa istilahi za tiba unaotunzwa na Maktaba ya Kitaifa ya Tiba ya Marekani. Mfumo huo hautoi kitambulisho cha aina moja bali cha aina nne. Kila tukio la jina ndani ya msamiati fulani lina namba yake, kila mfuatano wa herufi una namba yake, kila kundi la maumbo ya neno lina namba yake, na juu ya yote kuna namba ya dhana, inayoanza na herufi C na kufuatiwa na tarakimu 7. Mfuatano mmoja wa herufi unaweza kuelekezwa kwenye dhana kadhaa. Neno la Kiingereza "cold", kwa mfano, linaelekezwa kwenye mafua, C0009443, na pia kwenye baridi ya hewa, C0009264. Hakuna kilichofutwa wala kulazimishwa: utata wa neno umeandikwa wazi kama ukweli kuhusu neno, nayo dhana zimebaki safi.

Watu wenye jina moja hutenganishwaje?

Katika rekodi za majina za MARC 21, muundo wa rekodi za maktaba, jina la mtu huwekwa kwenye sehemu ya 100, na tofauti hupatikana kwa kuongeza tarehe za kuzaliwa na kufariki, cheo au kazi, au jina lililoandikwa kwa urefu wake wote. Pale ambapo mkutubi hana taarifa za kutosha, muundo huo una alama ya kukiri hali hiyo: nafasi ya 32 ya sehemu ya 008 ikiwa na herufi "b", maana yake ni kwamba rekodi inabeba jina ambalo huenda ni la watu zaidi ya mmoja. Alama hii ni ndogo lakini ni ya thamani sana. Yeyote anayegeuza rekodi za MARC kuwa RDF asipoitazama, ataunda "mtu" ambaye kwa kweli ni kundi la watu, na kazi za wote zitahesabiwa kuwa za mmoja.

Vitambulisho vya kimataifa vimerahisisha mambo. ISNI, iliyowekwa katika kiwango cha ISO 27729 mwaka 2012, na ORCID, iliyoanza kutolewa mwaka huohuo, zote zina nafasi 16, na ya mwisho ni ya ukaguzi, inayoweza kuwa tarakimu au herufi X. ORCID hutolewa kutoka fungu lililotengwa ndani ya ISNI, hivyo namba za mifumo hiyo miwili hazigongani. Tofauti yao ni kwamba ORCID huombwa na mtafiti mwenyewe, ilhali ISNI huweza kutolewa hata kwa mtu aliyekwisha kufariki. VIAF, kwa upande wake, hukusanya rekodi za maktaba nyingi za kitaifa katika vishada. Kwa kuwa vishada hivyo hupangwa na programu na huweza kupangwa upya, ni salama zaidi kuhifadhi pia kitambulisho cha rekodi ya maktaba iliyotumika.

Na mahali?

Kwa mahali, kibainishi cha kawaida ni eneo pana linalopazunguka au aina ya mahali penyewe. Georgia ni nchi ya Kaukazi na ni jimbo la Marekani; Kongo ni mto na ni nchi mbili zinazopakana, moja yenye mji mkuu wa Kinshasa na nyingine Brazzaville. Katika ISO 3166 nchi hizo mbili ni CD na CG, na nchi ya Georgia ni GE. Jimbo la Georgia ni US-GA, na hapa pana mtego: mtu akikata sehemu ya kwanza na kuhifadhi GA peke yake, ameandika msimbo wa Gabon. Tarehe nayo isisahauliwe, kwa maana nchi yenye msimbo CD iliitwa Zaire hadi mwaka 1997, na nyaraka za wakati ule hutumia ZR.

Majina ya kisayansi si yalibuniwa ili yasigongane?

Yalibuniwa hivyo, lakini ndani ya mipaka. Kanuni za majina ya wanyama na kanuni za majina ya mimea, kuvu na mwani ni mifumo miwili inayojitegemea, na jina la jenasi lililotumika upande mmoja linaruhusiwa upande wa pili. Oenanthe ni jenasi ya ndege na pia ni jenasi ya mimea katika familia ya karoti. Ficus ni mitini na mikuyu, na pia ni konokono wa baharini. Ndani ya mfumo mmoja ndipo mgongano unapokatazwa: Cuvier alipompa mnyama wa Australia jina la Echidna mwaka 1797, jina hilo lilikuwa limekwisha kupewa mikunga na Forster mwaka 1788, na ndiyo sababu jenasi ya mnyama huyo leo huitwa Tachyglossus, jina lililotolewa mwaka 1811. Faili ya viumbe inayotegemea jina la jenasi bila kutaja himaya itaweka ndege na mimea katika kapu moja.

Sifa mbili zenye jina moja, kama "title" na "title", zinatofautishwaje?

Kwa nafasi za majina. Katika Dublin Core, msamiati wa kueleza nyaraka na kazi nyingine, dc:title ni jina la kazi, kama vile kitabu au picha. Katika FOAF, msamiati wa kueleza watu, foaf:title ni cheo cha heshima cha mtu, kama vile Daktari au Profesa. Vivyo hivyo dcterms:subject ni mada ya waraka, ilhali rdf:subject ni kiima cha kauli ya RDF, jambo lisilohusiana kabisa na mada. Kinachozitofautisha sifa hizo ni anwani kamili iliyofichwa nyuma ya kile kifupisho kilicho kabla ya nukta mbili.

Kosa hutokea pale data inapogeuzwa kuwa jedwali au JSON (muundo wa maandishi wa kubadilishana data) ya kawaida na vifupisho kuondolewa ili safu zionekane fupi. Safu mbili huitwa "title", moja huifuta nyingine, na hakuna onyo linalotolewa. Ikiwa ni lazima kufupisha, tumia JSON-LD (JSON inayobeba data ya RDF) yenye muktadha unaotaja anwani kamili ya kila jina fupi. Kumbuka pia kwamba kifupisho chenyewe hakina mamlaka: faili mbili zinaweza kutumia "ex:" kwa anwani mbili tofauti, nayo maana hutokana na tangazo lililo juu ya kila faili.

Lebo mbili zinafanana machoni pangu, lakini programu inasema ni tofauti. Kwa nini?

Kuna sababu kadhaa zinazojirudia. Katika Unicode, orodha ya kimataifa ya misimbo ya herufi, herufi A ya Kilatini ni U+0041 na A ya Kisirili ni U+0410, nazo hazitofautishiki kwa macho. Herufi yenye alama ya ziada (kama é) inaweza kuandikwa kama msimbo mmoja au kama herufi ikifuatwa na alama; ufumbuzi ni kusanifisha maandishi yote kwa umbo la NFC (umbo sanifu la Unicode linaloziunganisha herufi na alama zake) kabla ya kuyalinganisha. Alama ya lugha nayo huhesabika, kwa hiyo "taa"@sw na "taa"@swh ni maandishi mawili tofauti katika RDF, na sharti la lebo kuu moja kwa kila lugha halitakuzuia kuziweka zote mbili. Chagua alama moja na uishikilie.

Anwani zinafuata ukali huohuo. RDF hulinganisha anwani herufi kwa herufi, kwa hiyo inayoanza na http na ileile inayoanza na https ni anwani mbili, hata kama kivinjari hukufikisha mahali pamoja.

Faili zangu mbili zote zina nodi iitwayo _:b1. Je, ni kitu kimoja?

Hapana. Jina la nodi tupu, yaani kitu ambacho RDF hukitaja bila kukipa anwani, lina maana ndani ya faili yake pekee. Unapounganisha faili, programu sahihi huzipa nodi hizo majina mapya. Anayeunganisha faili kwa kunakili maandishi na kuyabandika atachanganya vitu viwili kuwa kimoja.

Je, majina yakifanana kati ya misamiati miwili, niweke kiungo cha usawa kamili, skos:exactMatch?

Kufanana kwa majina ni sababu ya kuangalia, si sababu ya kuunganisha. Kabla ya kuweka kiungo, soma fasili, tazama dhana pana inayoibeba kila moja, na tazama dhana zilizo chini yake. Mara nyingi matawi ya juu hutoa jibu katika muda mfupi. Sehemu ya pili ya ISO 25964, ya mwaka 2013, inazungumzia kazi hii kwa kina. Sifa ya skos:exactMatch huambukiza: A ikilingana na B, na B ikilingana na C, basi A inalingana na C, hata kama hakuna mtu aliyewahi kulitazama jozi hilo. Sifa ya skos:closeMatch (usawa wa karibu) haiambukizi, na kwa ajili hiyo ni chaguo salama penye shaka. Kuhusu owl:sameAs, iachwe kwa ajili ya vitu ambavyo kweli ni kimoja, maana kila kauli kuhusu cha kwanza huwa kauli kuhusu cha pili, pamoja na tarehe za uundaji na jina la aliyeunda rekodi.

Nitagunduaje migongano katika msamiati mkubwa?

Swali fupi la SPARQL (lugha ya kuulizia data ya RDF) linalotafuta anwani mbili tofauti zenye lebo kuu moja katika skimu moja litakupa orodha ya kwanza. Lirudie baada ya kubadilisha herufi zote kuwa ndogo na kuondoa yaliyo kwenye mabano. Programu ya qSKOS ina ukaguzi wa lebo zinazopishana, na SHACL, lugha ya kuandika masharti ya kukagua data ya RDF iliyopitishwa na W3C mwaka 2017, ina sh:uniqueLang ya kusimamia lebo kuu moja kwa kila lugha. Orodha utakayopata isomwe na mtu anayelijua somo, kwa kuwa baadhi ya migongano ni homonimu halali na mingine ni dhana moja iliyoandikwa mara mbili.

Nimegundua rekodi moja inabeba vitu viwili. Nifanye nini?

Hili ndilo kosa ghali kuliko yote. Rekodi mbili za kitu kimoja zikiunganishwa baadaye, hakuna taarifa inayopotea, kwani anwani ya zamani huelekezwa kwenye mpya. Rekodi moja ya vitu viwili ikigawanywa, kila waraka uliowahi kufungwa nayo lazima utazamwe upya, kwa sababu hakuna mashine ijuayo ulikusudiwa upande gani. Kwa hiyo penye shaka ni afadhali kuanza na rekodi mbili.

Ukiwa umekwisha kufika hapo, unda vitambulisho vipya viwili badala ya kuacha cha zamani kibaki na maana moja, maana walioko nje wanaokitumia hawatajua kwamba kimebadilika. Kitie cha zamani alama ya owl:deprecated, kiunganishe na vyote viwili kwa dcterms:isReplacedBy, na katika skos:historyNote andika tarehe na sababu ya mgawanyo. Kisha gawa nyaraka kwa kuanza na zile zilizo na ushahidi mwingine, kama vile namba ya uainishaji au mada ya pili iliyoandikwa pamoja, na zile zisizo na ushahidi ziache kwenye kitambulisho cha zamani hadi zitakaposomwa na mtu.